Vitumbua Sita na Kodi ya Paa

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, mimi ni mjumbe wa nyumba kumi mwaka wa kumi na nne sasa, na mjumbe haogopi. Ni kwamba jina la nchi yetu limesajiliwa, na anayelitamka bila kibali hulilipia. Ninyi iiteni mnavyopenda. Iko mbali sana na hapo mlipo, kwa hiyo msianze kutazamana.

Sheria ya Ukarimu ilitufikia siku ya Alhamisi, kwa gari lenye spika juu. Lilipita mtaani mara tatu, polepole, likisema: "Mwananchi! Toa chombo chako cha nyumbani ulichokwisha kukitumia! Apewe maskini, nawe upate nafuu ya Kodi ya Paa!" Watoto wakalikimbilia, mama zao wakawavuta ndani.

Kodi ya Paa labda kwenu haipo, basi niwaeleze. Kwetu kila mtu hulipia kilichomfunika. Bati lina bei yake na kigae kina bei yake, na makuti ndiyo ghali kuliko vyote, kwa sababu yanaiaibisha nchi mbele ya ndege zinazopita. Mke wangu Chiku, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa meno, aliwahi kuniuliza mwenye paa linalovuja hulipaje. Nikamwambia hulipia paa na hulipia maji, maana yamemfikia bila bomba. Akacheka. Mimi sikucheka, ndivyo waraka ulivyosema.

Jumamosi tukakusanywa uwanjani kumsikiliza Waziri wa Ukarimu. Ni mtu mnene mwenye sauti ya upole, na akisema "ndugu zangu" unahisi amekushika bega.

"Ndugu zangu," akasema, "ukarimu wenu umekuwa ukizagaa ovyo! Mnapeana chumvi. Mnapeana makaa. Mnaazimana vinu na michi! Stakabadhi iko wapi? Muhuri uko wapi? Ni taifa gani duniani limeendelea kwa wema usio na takwimu? Kuanzia leo kila jema litakuwa na namba, na kila namba itakuwa na faili, na kila faili litakuwa na mtu wa kulilinda usiku na mchana!"

Tukapiga makofi mpaka msimamizi wa makofi alipotuambia yanatosha. Waziri akaonyesha mfano kwa kutoa kiti chake cha ngozi kilichovunjika mkono mmoja. Wakadiriaji wakakizunguka, wakanong'onezana, kisha wakatangaza kuwa hicho si kiti kilichotumika bali ni kiti kilichokaliwa na historia. Nafuu aliyopewa ilifuta Kodi ya Paa ya nyumba zake tisa mpaka enzi za wajukuu. Kiti kikapelekwa kwenye makao ya yatima. Yatima hawaruhusiwi kukikalia, ila wanakifuta vumbi asubuhi na jioni, na inasemekana kimewajenga kimaadili.

*

Wiki iliyofuata mtaa wetu ulijaa watu wenye mizigo kichwani. Radio inayokohoa. Chupa ya chai isiyotunza joto. Kandambili ya mguu wa kushoto. Mkadiriaji wetu, Bwana Nyakwezi, akaja na meza, mizani na glavu za mpira. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, asiyenyanyua sauti hata kidogo.

Sheria ilitaka chombo kiwe katika "hali njema". Aliyeleta kibovu alitozwa faini ya Kuwadharau Maskini. Aliyeleta kizuri mno aliulizwa alikipata wapi. Ikabidi watu wajifunze kutoa vitu vilivyochakaa kwa adabu.

Kuna bwana mmoja wa nyumba ya nne alileta mwavuli wenye njiti mbili zilizovunjika. Wakamwomba aende nyuma ya lori kutoa maelezo mafupi. Huu ni mwezi wa tatu. Mkewe huja kwangu kila Ijumaa kuniuliza kama maelezo yamekwisha, nami humjibu kwa heshima kwamba huenda mwavuli ule ulikuwa na maswali mengi. Sasa nifanyeje? Mimi si mwavuli.

*

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bi. Mashavu. Huyu ndiye aliyemkanda mama yangu siku arobaini aliponizaa mimi, na mama alipofariki ndiye aliyeniozesha Chiku. Mumewe, marehemu Mzee Kombo, alikuwa fundi cherehani, na kwa cherehani ile alijenga nyumba ya vyumba vitatu, mabati arobaini na mawili. Mzee akafa, mabati yakabaki, na kodi yake ikabaki nayo. Bi. Mashavu alikuwa nyuma miaka miwili. Notisi ikabandikwa mlangoni: asipolipa mpaka mwisho wa mwezi, ukuta utapigwa alama ya X nyekundu na nyumba itachukuliwa. Alama ile haifutiki. Watu wamejaribu chokaa, wamejaribu mafuta ya taa, wamejaribu na dua.

Akaja kwangu asubuhi moja, amejitanda ushungi wake wa kijani.

"Hemedi mwanangu, hiyo nafuu wanayoitangaza inapatikanaje?"

"Kwa kutoa chombo, mama. Una nini?"

"Nina cherehani ya marehemu."

Chiku alikuwa anapepeta mchele. Akauacha ungo. "Bi. Mashavu! Cherehani? Ile unayoifuta kila asubuhi?"

"Maiti hashoni, mwanangu. Na mimi tundu la sindano silioni tena. Nyumba ikienda, hiyo cherehani nitaifutia wapi?" Akacheka kidogo, kicheko cha kujikaza. "Mimi sitaki kingine duniani. Nataka nife chini ya paa alilonijengea mume wangu. Basi."

Nikamwandikia fomu, kurasa kumi na moja. Nikaifanya kwa moyo wote, msiseme sikuifanya. Kisha tukaenda mezani kwa Bwana Nyakwezi. Akaigonga cherehani kwa kidole, akalizungusha gurudumu lake, akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akaridhika. Likabaki swali moja, la ukurasa wa mwisho.

"Je, mtoaji amepata, anapata, au anatarajia kupata chochote kutokana na ukarimu huu?"

"Natarajia thawabu," akasema Bi. Mashavu.

Bwana Nyakwezi akaweka kalamu chini. "Kutoka kwa nani?"

"Kwa Mwenyezi Mungu, baba. Kwani zinatoka kwa nani mwingine?"

"Atazitoa lini?"

"Siku ya Kiyama."

"Za thamani gani?"

Bi. Mashavu akanigeukia kuona kama mtu huyu anatania. Hakuwa anatania. "Mama," akasema kwa upole kabisa, "sheria iko wazi. Anayetarajia kupata hajatoa, amebadilishana. Ama tufute thawabu, ama tufute nafuu. Chagua. Kuna watu nyuma yako."

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi, nikakumbuka kwamba vilihitaji kiwi. Bi. Mashavu akauvuta ushungi wake mbele, kisha akasema "utanisamehe", na hakuwa anatuambia sisi. Akatia dole gumba. Hatarajii chochote, duniani wala akhera.

Bwana Nyakwezi akaupuliza wino ukauke. "Ukarimu safi," akasema. "Sijaona safi kama huu tangu sheria ianze."

*

Cherehani akapangiwa Siwema, Maskini Aliyethibitishwa namba saba. Siwema alikuwa mama wa mapacha, anakaa chumba kimoja kule jalalani, mume alikwenda kutafuta kazi na bado anaitafuta. Kushona alikujua, alifundishwa na Mzee Kombo mwenyewe alipokuwa binti. Kuthibitishwa tu ndiko kulikomtoa jasho, maana sharti uonyeshe huna kitu kabisa, halafu ulipie kitambulisho. Akalipiwa na majirani. Kisha akahojiwa siku mbili aeleze amepata wapi majirani.

Mkokoteni ukaja Jumatatu. Bi. Mashavu akaona bobini, sindano na chupa ya mafuta ya cherehani vitapotea njiani, akavitia kwenye bakuli lake la kauri lenye maua, akalifunika kwa kitambaa. Bakuli halikuwa kwenye fomu. Lilikuwa la kubebea tu.

Akapewa stakabadhi yenye mihuri mitatu. Nafuu ilitosha. Kodi ya miaka miwili ilifutwa yote, na mwezi ulikuwa bado haujaisha! Lo, mngemwona bibi yule! Alipiga vigelegele peke yake uani, akafagia mpaka nje ya uzio, akawaambia hata mbuzi wanaopita kwamba paa lake limepona.

Jumatano Siwema akashona sare ya shule ya mtoto wa mtu, akalipwa unga wa mchele kibaba kimoja. Akaukoroga nusu, akapika vitumbua. Akalichukua lile bakuli, akatia vitumbua sita, akalifunika kwa kitambaa kilekile, akampelekea mwenyewe.

Ninyi mlio mbali labda hamjui. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Weka hata limau moja, hata chumvi ya kufumbata. Hakuna aliyefundishwa, kama vile hakuna anayefundishwa kupiga hodi.

Mimi nilikuwa barazani kwa Bi. Mashavu, nimekwenda kumjulia hali tu. Akanipa viwili. Vilikuwa vya moto bado, vina iliki. Nikala.

Sasa hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wanasema mengi. Mimi ni mtu wa kazi. Kila Ijumaa mjumbe huandika Daftari la Mienendo, na mwezi ule kulikuwa na mashindano ya Mtaa Mkarimu Kuliko Yote, zawadi yake bomba la maji. Miaka mitano tumeteka maji ya kununua. Basi katika safu ya Matendo Mema nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Siwema, maskini namba saba, amerudisha bakuli la Bi. Mashavu likiwa na vitumbua sita, kwa shukrani." Nikapiga mstari chini ya neno "shukrani". Sikuandika nani alikula, maana safu ya walaji haikuwepo.

Chiku akachungulia begani kwangu. "We Hemedi, hata hili la kuandika?"

"Ni sifa kwa mtaa."

"Sifa ya mtu haipelekwi polisi."

"Si polisi, ni Idara ya Ukarimu."

"Wanavaa viatu gani?"

Nikafunga daftari. Mwanamke akianza kuuliza viatu vya serikali, ujue siku imekwisha.

*

Walikuja Jumatatu, watu wanne na sanduku moja. Walijitambulisha kuwa ni Kikosi cha Kufuatilia Shukrani. Bwana Nyakwezi alikuwa nao, na daftari langu lilikuwa kwapani mwake. Nikafurahi, nikadhani wameleta bomba.

"Bakuli," akasema.

Bi. Mashavu akalitoa kabatini, limefunikwa kwa kitambaa chake. Wakalifunga kwa shuka jeupe, wakatia lakiri, wawili wakalibeba kwa pamoja. Ni bakuli la kutosha mchuzi wa watu watatu.

"Vitumbua viko wapi?"

"Baba, si vimeliwa."

"Ushahidi umeliwa," akasema Bwana Nyakwezi, na mmoja akaandika. Kisha akanigeukia. "Mjumbe, ulikuwepo?"

"Nilipita tu, mheshimiwa."

"Ulikula?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi nina sukari."

Sina sukari. Tangu siku ile nakunywa chai bila sukari kila mahali penye watu. Bi. Mashavu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kile kitambaa walichokitupa chini.

*

Baraza la Ukarimu lilikaa kesho yake darasani, shule ya mtaa. Wanafunzi walirudishwa nyumbani ili haki ipate nafasi. Tulikuwa kama watu sitini, tumekalia vidawati vya watoto, magoti yanagusa videvu. Siwema alisimama mbele, pacha mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

"Nani alikuagiza utie vitumbua ndani ya bakuli?" akauliza Bwana Nyakwezi.

"Hakuna, baba. Bakuli halirudi tupu."

"Ni kifungu kipi hicho?"

"Sijui vifungu. Ndivyo tulivyolelewa."

"Mmelelewa na nani? Majina."

Pacha wa kiunoni akaanza kulia, Siwema akambembeleza huku akijibu. "Bibi yangu. Bi. Nunu."

"Yuko wapi?"

"Amekwisha kufariki."

"Mwandike," akamwambia karani. "Ametoroka."

Kisha akatugeukia sisi. Akatutazama mmoja mmoja, kwa utulivu ule wake. "Walio humu ndani. Ni nani kati yenu amewahi kurudisha bakuli la jirani likiwa na kitu?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Jamani, watu sitini! Hakuna hata mmoja wetu ambaye hakukulia humo, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba yeye mabakuli yote huyarudisha matupu na machafu, na watu wakamwitikia. Mimi nilikuwa natazama dari.

Bwana Nyakwezi akasoma makadirio. Alisoma vizuri, kwa vituo. Mshitakiwa Siwema alikuwa na kibaba kimoja cha unga, hana kingine. Akatoa nusu. Kwa hiyo vile vitumbua si vitumbua, ni nusu ya mali yote ya mtu. "Hata Mheshimiwa Waziri," akasema, "hajawahi kupewa nusu ya mali ya mtu kwa mkupuo. Hupewa kidogo kidogo." Hivyo thamani ya vitumbua imepita thamani ya cherehani. Na mtu awezaye kutoa nusu ya mali yake kwa asubuhi moja, huyo ni tajiri aliyejificha. Siwema akavuliwa umaskini palepale. Kitambulisho kikakatwa kwa mkasi, cherehani ikatangazwa kuwa mali ya Idara.

"Sina kitu," Siwema akasema. "Baba, nitawalisha nini hawa?"

"Hilo ni swali la maskini," akajibu Bwana Nyakwezi. "Wewe limeshakutoka."

Ikafika zamu ya Bi. Mashavu. Aliapa hatarajii chochote, naye amepokea vitumbua. Nafuu imefutwa, kodi imerudi pamoja na adhabu, na alipe kabla ya Alhamisi. Bi. Mashavu alisimama akiwa ameshika ukingo wa dawati. Miaka sabini na tatu, meno manne.

"Lakini Idara ina huruma," Bwana Nyakwezi akaendelea, na sauti ikazidi kuwa laini. "Mama, vitumbua vilikuwa sita. Sidhani kama ulivimaliza peke yako. Ulikula na nani? Faida ikigawanyika, kosa nalo linagawanyika. Nitajie jina moja tu, na nyumba yako inabaki. Leo hii narudisha stakabadhi."

Nikaanza kuhesabu misumari ya dawati. Chiku alikuwa ubavuni mwangu. Akaniegemea, akaninong'oneza: "Masikini bibi wa watu! Kwani alikula na nani?" Nikamwambia sijui.

"Nilikula peke yangu," akasema Bi. Mashavu. "Vyote sita. Nilikuwa na njaa."

"Jina moja, mama. Nyumba nzima kwa jina moja."

Akanyoosha mgongo. Sikujua kama bado anaweza kuunyoosha hivyo. "Baba, mimi nimeshamkana Mungu thawabu zake mbele ya meza yako. Usinitake nimkane na jirani."

Karani akauliza hilo liandikwe safu gani. Bwana Nyakwezi akamwambia asiandike.

*

X ikapigwa Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi wakaja na waraka, nikausoma mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ulisema hivi: nyumba ikikaliwa miaka mingi nayo ni chombo cha nyumbani kilichotumika, kwa hiyo Idara inaipokea nyumba ya Bi. Mashavu kama mchango wake wa hiari, inampongeza, na inampa stakabadhi. Tena, kwa kuwa sasa hana paa, hadaiwi Kodi ya Paa hata senti. Matatizo yake yote ya kodi yamekwisha. Nyumba itakuwa Ofisi ya Ukarimu ya Mtaa, na ufunguo utakaa kwa mjumbe.

Nikatia sahihi. Mngetaka nisitie? Angetia mwingine, mwenye mwandiko mbaya.

Bi. Mashavu alitoka na mkeka, jiko la makaa, sufuria mbili na nguo zake kwenye fumba. Alikuwa anakwenda kukaa kwa Siwema, kule jalalani, wanne chumba kimoja. Siwema alikuja na mkokoteni wa kuazima, akawa anapakia peke yake, mapacha wamekaa mchangani. Hakuna jirani aliyetoka. Milango yote minane iliyobaki ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mlango nilijua kuna watu wamesimama. Maana anayempa mtu mkono kumsaidia mzigo, ametoa mkono. Na fomu ya mkono bado haijachapishwa. Maafisa wanne walikuwa wamepanga mstari kivulini, kalamu mkononi, wanasubiri wema utokee.

Chiku alikuwa kizingitini kwetu, kanga mdomoni.

Bi. Mashavu akanijia. Nikajiandaa kwa matusi, nikajiambia, Hemedi, yapokee, ni mtu mzima. Akanipa ufunguo.

"Shika, mwanangu. Mlango wa uani hukwama mvua ikinyesha, uusukume kwa goti." Akasogea karibu, akateremsha sauti, lakini masikio yake yalikuwa mazito siku hizi na sauti yake akiiteremsha haiteremki sana. "Na vile viwili ulivyokula, usikae ukajitia wasiwasi. Sikuwaambia, wala sitawaambia. Una watoto."

Akanipapasa shavu. Akaenda kushika nyuma ya mkokoteni, wakaanza kusukuma.

Niligeuka. Chiku alikuwa ananitazama. Miaka kumi na sita ya ndoa sijawahi kumwona mke wangu amekosa neno, na sasa alikuwa amelikosa. Nikasema, "Chiku, mke wangu, sikiliza." Akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburuzwa. Akatoka na godoro letu, lile la sufi, amelikunja na kulifunga kwa kanga, akajitwika kichwani. Mkono mmoja unalishika godoro, mwingine umebeba mfuko wetu wa unga. Akapita mbele yangu kama anayepita nguzo. Akapita mbele ya maafisa wanne. Hakuharakisha, hakuinamisha kichwa, hakuwa na fomu wala stakabadhi. Akatembea katikati ya njia mchana kweupe, nyuma ya mkokoteni, na alipoufikia akautia bega.

Mlango mmoja wa mtaa ukafunguka kidogo, kisha ukafungwa.

Bwana Nyakwezi akaja akasimama kando yangu. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anawatazama wale wanawake watatu, mapacha juu ya mzigo, kwa macho ya mvuvi aliyekaa mtoni muda mrefu na sasa mshipi umecheza. Akafungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja.

"Mjumbe," akasema, "yule mwenye godoro ni nani?"

Ningeweza kusema jua lilinipiga machoni. Lilikuwa linapiga kweli. Nikawatazama mpaka walipopinda kona ya mashine ya kusaga. Kisha nikamtajia: Chiku binti Mwinyimvua, miaka thelathini na minane, nyumba namba sita, mke wa mjumbe. Nikamtajia na jina la babu yake, polepole, ili karani asikosee.